Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuomba kumekuwa kazi ngumu kwangu. Mama yangu amepooza upande mmoja, namuuguza hapa nyumbani, na usiku lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulalia. Nikishamgeuza narudi kitandani, lakini usingizi umekwisha kukimbia. Nakaa macho gizani, moyo unanidunda, taya nimezikaza hata kukicha meno yanauma. Alfajiri nikipiga magoti, maneno hayaji. Zaburi nilizozikariri tangu shule ya Jumapili zinanipotea katikati ya mstari. Mjukuu akimwaga chai kidogo tu, machozi yananilengalenga kana kwamba nimefiwa.

Katika hali hiyo nilifungua 1 Wafalme 19, na mpaka leo sijatoka humo.

Mnamjua Eliya. Huyu ndiye aliyeomba moto ukashuka Karmeli mbele ya taifa zima, akaomba mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu, kisha akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Halafu ujumbe mmoja tu wa Yezebeli, mke wa Ahabu, wa kutishia kumwua, ukamkimbiza hadi Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini. Akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Nabii huyo, mtu wa maombi kuliko sisi sote.

Sasa someni polepole alichofanya Mungu. Hakumkemea, wala hakumuuliza imani yake ya Karmeli imekwenda wapi. Hata mahubiri hakumpa. Alimwacha alale kwanza. Kisha malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Pale kichwani palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na hakuna aliyemlaumu kwa kulala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, akasema neno ambalo natamani liandikwe kwenye milango ya makanisa yetu yote: "kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mbinguni walikubali kwamba amechoka. Yale mazungumzo ya pangoni mlimani Horebu, upepo, tetemeko, moto, na ile sauti ndogo ya utulivu, yote yalikuja baadaye, mwili ukiwa umekwisha kupata nguvu.

Nimefanya uuguzi mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kinachotendeka ndani ya mtu aliyefika chini ya mretemu.

Ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Kazi yake ni kutambua hatari, na hufanya hivyo kabla hata hujapata nafasi ya kufikiri. Ikishtuka, habari inapelekwa haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, na kwa njia ya neva tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Ni suala la sekunde tu. Mapigo ya moyo yanaongezeka, pumzi inafupika, damu inapungua tumboni na kwenda kwenye misuli. Ndiyo maana mtu mwenye hofu chakula hakimpiti. Nyuma ya hiyo inafuata njia ya pili, ya taratibu zaidi: haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, nayo pituitari inaziamuru adrenali zitoe kotisoli, homoni ya msongo, ambayo inaongeza sukari kwenye damu ili mwili uwe na nguvu ya kupambana au kukimbia. Na hapa naiona hekima ya Muumba. Kotisoli ikishafika kiasi, yenyewe inarudi ubongoni na kutoa habari kwamba sasa inatosha, mfumo uzimwe. Daudi aliposema ameumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha hakuwa anapamba wimbo.

Mfumo huo uliumbwa kwa ajili ya simba anayekuja na kupita. Mgonjwa wa miezi mingi hapiti, wala deni, wala ndoa yenye ugomvi kila jioni. Hapo mwili unakaa kwenye tahadhari usiku na mchana, na ile amri ya kuzima inazidi kukosa nguvu. Presha inapanda, tumbo linasumbua, mafua hayaishi. Mithali 17:22 inasema roho iliyopondeka huikausha mifupa, na ni kweli kwamba kotisoli ikizidi mwilini kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Na mnaoshangaa kwa nini mnasahau hata mistari mliyoikariri: mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake huko New York walionyesha, kwa kuchunguza panya, kwamba homoni za msongo hushika kwa wingi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Ukisongwa sana kumbukumbu inayumba, na Mungu analijua hilo. "Anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi."

Kisha kuna usingizi, na hapa nawaomba msikilize kwa makini.

Mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiko mambo yanakopimwa. Sehemu hiyo ndiyo inayosema "ngoja kwanza" pale hasira inapopanda, na ndiyo inayoituliza amigdala. Mwaka 2007 Matthew Walker na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao: vijana wenye afya njema walikeshwa usiku mzima, kisha wakaonyeshwa picha za kutisha wakiwa ndani ya mashine inayopima ubongo. Amigdala zao zilishtuka zaidi kwa takriban asilimia 60 kuliko za wale waliolala, na mawasiliano kati yake na ile sehemu ya mbele yalikuwa yamelegea. Hao hawakuwa na msiba wala mgonjwa nyumbani, walikosa usingizi tu. Je, mjane ambaye hajalala vizuri tangu siku ya maziko? Je, mama mwenye kichanga?

Nasema hivyo kwa sababu kuna dada mmoja, si wa jumuiya yetu, ambaye amenipa ruhusa nisimulie yaliyompata bila kumtaja. Alijifungua miezi michache iliyopita. Usingizi ukampotea kabisa, hata mtoto akilala yeye halali. Akawa analia bila sababu, anaogopa kumshika mwanawe asije akamdondosha. Zahanati wakampa rufaa, daktari akamwanzishia dawa. Alipokwenda kuombewa akaambiwa ana roho ya hofu, akapewa siku za kufunga, naye ananyonyesha, akaongezewa mikesha, na mwisho akaambiwa kwamba kumeza dawa ni kumwonyesha Mungu kuwa humwamini. Akaziacha.

Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, kitenge amekifunga upande, midomo imekauka hadi imepasuka. Hakusema "shikamoo mama" kama alivyozoea. Alisema, "Mama, Mungu amenichoka." Nilimwomba mama mkwe wake ampokee mtoto, nikabandika uji wa ulezi, nikaweka maziwa na sukari. Alikunywa kikombe cha kwanza mikono ikimtetemeka. Cha pili alikunywa taratibu. Nikamtandikia mkeka chumbani, nikafunga dirisha, nikakaa mlangoni ili mtu asiingie kumsalimu. Alilala tangu saa nne asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Alipoamka aliuliza mtoto yuko wapi, kisha akaomba tusali. Kesho yake tulirudi naye kwa daktari. Bado safari yake ni ndefu, lakini anatumia dawa, analala, na ameanza kuimba anapofua nguo za mtoto.

Watumishi wa Mungu, nisikieni kama mama yenu. Mimi naamini mapepo yapo na Bwana wetu aliyatoa. Lakini Bwana huyo huyo alipomfufua binti Yairo, jambo aliloliamuru baada ya muujiza ni kwamba apewe chakula. Paulo hakumkemea Timotheo kwa tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara, alimshauri cha kutumia. Mtu akija kwenu hajalala wiki nzima, mkimwongezea mkesha mnamzidishia ugonjwa. Mkimfungisha mama anayenyonyesha, mnakifungisha na kichanga. Mnapomwambia mgonjwa atupe dawa, mnabeba dhamana ambayo hamwezi kuilipa siku akidhurika. Dawa nyingi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na kuziacha ghafla kunaweza kumletea mtu kizunguzungu, kukosa usingizi na hofu kubwa zaidi. Halafu hofu hiyo mnaiita pepo, mnaanza kukemea upya. Jamani! Malaika alimpelekea nabii mkate. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kuwapelekea watu mzigo?

Kabla hujatamka "roho ya hofu", uliza mtu amekula nini na amelala kwa muda gani. Uliza kama amepimwa damu, kwa maana upungufu wa damu humfanya mtu ajisikie hana nguvu ya kuishi, na tezi ya shingoni ikipunguza kazi yake humletea huzuni na uzito wa mwili, ikizidisha humletea kutetemeka na wasiwasi. Hayo yanatibika. Na mtu akitamka kama Eliya kwamba anataka kufa, usimwache peke yake hata dakika, usimhubirie, mpeleke hospitali na ukae naye hapo. Najua kwetu ukitaja daktari wa akili watu wanacheka na kutaja Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma. Waache wacheke. Hospitali ni mahali pa kutibiwa, na anayepona huko amepona kwa mkono wa Bwana yule yule.

Maombi nayo yana nafasi yake mwilini, msidhani nayashusha. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia walipima watu 23 waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini. Waliona kwamba sala ile, kwa jinsi inavyosemwa, iliwashusha pumzi hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mpangilio mzuri zaidi. Maneno ya ibada ya yoga yaliyorudiwarudiwa yalileta matokeo ya aina hiyo hiyo, na hilo halinitishi: mwili ni mmoja na Aliyeuumba ni mmoja. Pumzi ikitoka taratibu, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, inauambia moyo upunguze mwendo. Kwa hiyo usiku huu baada ya kumgeuza mama sitajilazimisha sala ndefu. Nitachukua Zaburi 4:8 peke yake. Nitavuta pumzi, kisha nitaitoa polepole nikisema, "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Nitavuta tena, nitatoa, "Maana Wewe, BWANA, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Nirudie mpaka usingizi unichukue, na usiponichukua, angalau taya zitakuwa zimelegea.

Wewe uliye chini ya mretemu wiki hii, mwanangu, usianze kuhesabu dhambi zako saa tisa za usiku. Saa hiyo ubongo wako umechoka na hauwezi kukutolea hukumu ya haki. Kama kuna la kutubu, Roho Mtakatifu atalisema asubuhi baada ya chai, na atalisema kwa upole. Kunywa maji. Kula hata kama hakishuki vizuri, kidogo kidogo. Kukipambazuka mpigie mtu mmoja umwambie ukweli, usimwambie "tunamshukuru Mungu" kisha ukakata simu. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, na alipokuwa pangoni alisema amesalia peke yake. Mungu akamjibu kwamba wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, kisha akampa Elisha wa kutembea naye.

Ndiyo maana naomba Alhamisi hii jumuiya tukutane kwangu saa kumi jioni. Tutasoma sura hii yote, kisha tupange zamu. Nyumba tatu katika mtaa wetu zina wagonjwa wa kitandani na moja ina kichanga. Wenye nguvu wajiandikishe kukesha usiku mmoja mmoja, ili anayeuguza alale kuanzia saa tatu mpaka alfajiri bila kuitwa. Wasioweza kukesha walete unga, maharage au mkaa. Akina baba nao waje, kumgeuza mgonjwa kunahitaji mikono yenu. Na wale mnaokwenda kuwaona wagonjwa, fikeni mapema, ombeni kwa ufupi, osheni vyombo mlivyotumia kula, muondoke watu wapumzike.