Kumbukumbu ya mradi: Posa ya Alasiri, filamu fupi ya vichekesho, Bagamoyo

Hali ilivyo: skripti imefungwa kwenye kurasa 24, sini (vipande vya kisa) za pwani na za kibandani zimeshapigwa, sini ya posa inafuata, na uhariri wa awali umeanza. Kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja kwa dakika, filamu itafika dakika 24 na ushee, maana wazee wetu wawili hawasemi mbio na hatutaki waseme mbio.

Kisa chenyewe ni chepesi. Bi. Salma, mjane wa miaka 61, anauza vitumbua karibu na soko la samaki. Mzee Hamadi, fundi mashua aliyefiwa na mkewe, ananunua vinne kila asubuhi ingawa daktari kamkataza sukari. Havili. Anawagawia mafundi wenzake, nao wameanza kunenepa.

Skripti

Rasimu ya kwanza iliweka kikwazo kwenye sheria na dini, ikapwaya, kwa sababu kikwazo hicho hakipo. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na Bi. Salma ameimaliza zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka na kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Wanaobaki kumzuia ni wanawe, tena kwa "watu watasemaje" tu. Hapo ndipo vichekesho vilipo: watu wenye wajukuu wanavizia watoto wao walale ndipo wapigiane simu.

Sini iliyobeba filamu ni ya posa. Idi, mtoto mkubwa, anamwambia mshenga, "Mimi ndiye walii wa mama, na sijaridhia." Shehe anamweleza taratibu kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, mtoto hawi walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, wa mama yake kwa kuwa tu ni mwanawe. Walii hutoka kwa ndugu wa kiumeni: kaka wa baba mmoja, mtoto wa kaka, ami. Kaka wa Bi. Salma yupo, kaegemea nguzo, anatafuna kitumbua. Shehe anaongeza kwamba mwari akinyamaza ameridhia, lakini mjane lazima atamke.

IDI: Mama, mwambie shehe hutaki.
BI. SALMA: Mwanangu, shehe kasema nitamke mimi. Hakusema utamke wewe.

Ukurasa huo ulipunguzwa mara kadhaa. Kila tulipomwongezea Bi. Salma neno baada ya hapo, cheko lilikufa.

Kamera

Kanuni ya mradi huu: cheko liko usoni kwa anayesikiliza. Kwa hiyo kila sini inaanza na shoti pana ya watu wote, kisha uso wa msikilizaji, na msemaji anapigwa mwisho. Ukianza na msemaji, ukifika kwa msikilizaji keshalisikia neno mara kumi na mshangao wake ni wa kuigiza.

Tunapiga fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata 1/50, yaani kila picha inapata mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na ukipiga fremu 24 kwa shata 1/48 chini ya taa za tyubu, picha inaweza kupepesa kwa mawimbi usiyoyaona mpaka ufike kwenye kompyuta. Juani, ukitaka lenzi ifunguke f/2.8 na wepesi wa kamera kwa mwanga uwe ISO 100, mwanga unazidi kwa stopu sita hivi (kila stopu ni mwanga maradufu), kwa hiyo kichujio cha kupunguza mwanga ni ND64. Asiye nacho hupandisha shata hadi 1/3200, na mikono inayogeuza vitumbua inaonekana kurukaruka.

Kanzu nyeupe juani inaungua kwenye picha kabla uso haujapata mwanga wa kutosha. Tumemvika Mzee Hamadi kanzu ya rangi ya maziwa, shuka jepesi limetandazwa juu yake kukata jua, na rifleka inamrudishia mwanga kutoka chini kidogo ya kifua.

Wanaotaka wapenzi watazame jua likizama baharini wakatafute pwani nyingine. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linazama nyuma ya mji. Sini yetu ya ufukweni ni ya alfajiri, na karibu na ikweta jua hupanda wima: mwanga laini hauzidi nusu saa, baada ya hapo vivuli vya macho vinakuwa vikali.

Na maji hayasubiri. Ukipiga uso wa Bi. Salma saa moja na wa Mzee Hamadi saa nne, bahari itakuwa imeondoka au imefika miguuni, na mtazamaji ataona. Kesho yake saa ileile haisaidii, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yanarudia saa yake baada ya wiki mbili hivi. Dawa ni kupiga pande zote mbili za mazungumzo mfululizo, au kuweka ubavu wa mashua nyuma ya mmoja wao ili bahari isionekane kabisa.

Vitumbua

Hivi vimetusumbua kuliko waigizaji. Unga wenye hamira ukikaa joto unaendelea kuumuka, kwa hiyo vitumbua vya shoti ya nane vina matundu mengi na vimechachuka, havifanani na vya shoti ya kwanza. Unga sasa unagawanywa mara mbili, nusu ndani ya boksi la barafu. Mafuta nayo yanachacharika kiasi cha kufunika maneno. Kwenye mazungumzo jiko halina moto, vitumbua vimepikwa pembeni, na mlio wa karai unarekodiwa peke yake kwa dakika mbili.

Sauti

Kanga mpya ina wanga na inakwaruza maiki. Ifuliwe mara tatu kwanza. Maiki inabanwa kwenye gauni la ndani, tepu pande zote mbili, waya ukiachiwa kitanzi. Kiwango cha sauti kinachezea desibeli -12, na sauti ya mahali bila mtu kusema inachukuliwa nusu dakika kabla ya kuhama. Adhana ikianza tunasimama. Si adabu peke yake: ukikata katikati ya adhana, inaruka, na hakuna mhariri wa kuiunga.

Waigizaji

Wote wawili wametokea jukwaani, na sauti zao zilizoea kumfikia mtu wa safu ya mwisho. Kilichosaidia ni kuwaweka umbali wa mkono mmoja na kuwaomba wasimwamshe mjukuu aliyelala ndani. Skripti yao imechapwa kwa herufi za ukubwa wa 16. Shoti ya Mzee Hamadi kuinuka mkekani ni ya kamera mbili kwa mpigo mmoja, kwa sababu magoti hayaelewi "tena, tafadhali".

Uhariri na yaliyobaki

Baada ya "hakusema utamke wewe", uso wa Idi unakaa fremu 60, zaidi kidogo ya sekunde mbili. Kwa fremu 35 watazamaji wa majaribio walitabasamu. Kwa 60 walicheka. Kwa 90 wakaanza kumwonea huruma, na huruma hiyo tunaihitaji baadaye, si hapo.

Bado: sini ya posa yenyewe kwenye baraza halisi (kipande cha Idi kilichopo ni cha mazoezi), ala za nyuzi, udi na ganuni, za kupigwa upya ili tusiguse haki za taarabu ya mtu, na kopi ya kupeleka Bodi ya Filamu kwa uhakiki na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa popote.