Saini namba 43

Karatasi ya pingamizi ililetwa Jumamosi asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Jirani wa nyumba ya pili, mtu mwema anayenimwagilia maua nikisafiri, alikuwa amesimama barazani na kalamu tayari mkononi. "Dada, ni ile habari ya kiwanja cha tangi. Wanataka kutujengea maghorofa." Nikatia saini. Namba 43. Sikusoma hata mstari mmoja. Nalisema hili mapema, msije mkadhani mnasoma habari za mtu mwenye msimamo.

Kiwanja cha tangi kiko mwisho wa mtaa wetu. Kina tangi la zege lisilotiwa maji tangu nihamie, nyasi za kufika magotini, na goli la mpira lililochorwa kwa mkaa na watoto ambao sasa nadhani wana watoto wao. Mradi wenyewe ni nyumba 64 za kupangisha kwa gharama nafuu, jengo la ghorofa nne, kwa watu wenye kazi zao lakini ambao mshahara wao ukisimama karibu na kodi za huku unaona aibu: wauguzi, walimu wa chekechea, madereva, walinzi.

Mkutano uliitishwa Jumatano jioni na ukumbi ukafurika. Kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha wakazi huwa tunafika kumi na mmoja, na mwenyekiti anatubembeleza tusiondoke kabla ya kupitisha hesabu. Safari hii watu walisimama hadi kwenye ngazi.

Sasa, mimi nilikuwa mchora ramani kwa miaka 31. Kazi ile inakuachia ugonjwa: mtu akitamka "msongamano" unataka kumwuliza wa nini, sehemu gani, saa ngapi. Kwa hiyo nilikaa nyuma na bahasha kuukuu nikawa napiga vijistari. Magari yalitajwa mara 26. Maji taka mara 14. Hadhi ya mtaa mara 9. Neno "maskini" halikutajwa hata mara moja. Bwana mmoja alilikaribia, akasema, "Si kwamba tuna shida na watu wa aina hiyo, ila..." Mkewe akamvuta koti, akakaa.

Tuanze na maji taka, maana hapo wana hoja. Bomba la mtaa wetu ni la zamani, la milimita 150, na mvua kubwa ikinyesha mfuniko wa chemba iliyo mbele ya nyumba yangu hucheza kama kifuniko cha sufuria. Lakini hebu tujiulize, kwa nini hucheza siku za mvua tu? Watu hawaendi chooni zaidi kwa sababu kunanyesha. Hucheza kwa sababu baadhi yetu tumeunganisha mifereji ya paa kwenye bomba la maji taka, jambo lisiloruhusiwa, ili tusichimbe mtaro wa pekee. Ramani ya mradi inaonyesha bomba jipya, pana zaidi, kuanzia kiwanja cha tangi hadi bomba kuu. Nikasimama nikasema haya. Ukumbi ukapoa kidogo, halafu tukarudi kwenye magari.

Mama mmoja alitaka kila nyumba mpya iwe na nafasi mbili za kuegesha, "ili wasije wakaziba geti zetu." Akapigiwa makofi. Nikageuza bahasha. Gari moja hulala kwenye mita mbili na nusu kwa tano. Ongeza njia ya kuingilia na ya kugeuzia, unakaribia mita za mraba 25 kwa gari. Mawili, 50. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala kwenye mchoro uliobandikwa ukutani ilikuwa na mita za mraba 52. Yaani tulikuwa tunapiga makofi ili magari mawili yapewe eneo la kutosha mama, baba na watoto watatu, tena kwa watu ambao wengi wao wangekuja kwa basi.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni mwingine. Bwana mpole, shati limepigwa pasi, sauti ya kusoma taarifa ya habari. "Ndugu zangu, sisi hatupingi. Tunaomba tu washuke hadi ghorofa mbili, nyumba 24. Tukutane katikati." Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, kabla mkono haujaanza kuandika wenyewe. Ardhi ni ileile. Barabara ya kuingilia ni ileile, bomba lile jipya ni lilelile, ada za vibali na mchoro hazishuki kwa kiasi hicho. Gharama hizo zilikuwa zinagawanywa kwa wapangaji 64. Sasa wazibebe 24. Kodi inapanda mpaka muuguzi anatoka, anaingia mtu kama mtoto wa yule bwana, au chama kinachojenga kinafunga mafaili yake. Mradi unakufa na hakuna aliyeuua. Tulikutana katikati tu. Na yule bwana ni mhasibu. Msiniambie hajui kugawanya.

Nilipofika nyumbani sikula. Nilipanda kwenye stoo nikashusha bomba za kadibodi ninazohifadhia nakala za ramani nilizochora. Nilikuwa natafuta ramani ya maji taka, kwa ubishi tu. Nikakuta ramani ya mtaa wetu wenyewe, ile ya kugawa viwanja. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Eneo hili lote lilikuwa viwanja vitano vikubwa, vya watu wenye farasi. Ndipo ikaja ramani ya kuvikata kuwa 38, na kimoja kati ya hivyo 38 nilikinunua mimi kwa mkopo wa mshahara, nikiwa na miaka 29.

Pembeni kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya pingamizi, majina kumi na mawili. Viwanja ni vidogo mno. Magari yatazidi. Maji taka hayatakuwa na pa kwenda. Hadhi ya eneo itashuka. Na sentensi moja niliyoisoma nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa: kwamba mgawo huo utaleta "wimbi la watu wa mishahara". Wimbi ndiyo mimi. Mimi na jirani anayenimwagilia maua. Jina la kwanza kwenye barua ile ni la familia ya nyumba kubwa ya kona. Warithi wao bado wapo, na kwenye karatasi ya safari hii wameandikwa namba 5. Angalau wao hawajabadilika. Sisi wengine 37 ndio tuliohama upande bila kuagana.

Lugha hii ya kulilaumu jengo ina miaka mingi. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, huko Ohio, iliyohalalisha sheria za kugawa miji kwa kanda: hapa viwanda, hapa nyumba za familia mojamoja. Jaji George Sutherland aliandika kwamba mara nyingi jengo la nyumba za kupanga katika mtaa wa namna hiyo ni kimelea tu, linalonyonya uzuri wa mtaa uliotengenezwa na wengine. Jengo ni kimelea. Wanaolala ndani hakuwataja. Ukilisoma kwa masikio ya Jumatano ile, unamwona yule bwana anavutwa koti.

Habari ninayoirudia zaidi ni ya Mount Laurel, mji wa jimbo la New Jersey, hukohuko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi Weusi wa kipato cha chini, ambao baadhi yao koo zao ziliishi hapo kwa vizazi, waliomba wajengewe nyumba 36. Tatu sita, si mia tatu. Mji ukakataa, na mwaka 1970 meya akawaambia, kanisani kwao wenyewe, kwamba kama hawana uwezo wa kuishi hapo basi itabidi waondoke. Mwanamama mmoja, Ethel Lawrence, akaongoza kesi. Mwaka 1975 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mji hauwezi kutumia sheria za viwanja kuwafungia nje watu wa kipato cha chini. Mwaka 1983 ikabidi irudie kusema, kwa ukali zaidi. Ethel Lawrence alifariki mwaka 1994. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 2000, katika nyumba zilizopewa jina lake, ambazo zilifika 140.

Baadaye mwanasosholojia Douglas Massey wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake walikwenda kupima zile hofu. Thamani ya nyumba za jirani, uhalifu, kodi za mji, wakalinganisha na miji inayofanana nayo. Matokeo yalitoka mwaka 2013: hofu zile hazikutimia hata moja. Kati ya majirani waliohojiwa wamo ambao hawakujua kwamba nyumba hizo zipo. Miaka thelathini ya mvutano kuhusu kitu ambacho jirani yake hakukiona! Nyumba hizo zilijengwa vizuri na zinasimamiwa vizuri, hilo lazima niliseme, kwa sababu nimewahi kuchora ramani za majengo ya namna hii yaliyotelekezwa, lifti mbovu, taa za ngazi zimeungua, na majirani walionuna hawakuwa waongo. Ningependa tumbane mjenzi kwa hilo: nani atatengeneza lifti mwaka wa kumi? Jumatano hakuna aliyeuliza. Vijistari vyangu viko sifuri hapo.

Kule Vienna, Austria, jengo la Karl-Marx-Hof, la nyumba ambazo jiji liliwajengea wafanyakazi, lilikamilika mwaka 1930 katika wilaya ya Döbling, ambayo hadi leo ni ya watu wazito. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na lilianza na nyumba 1,382. Nikilitaja hilo kwenye mkutano ujao watanitoa nje, kwa hiyo nalitaja hapa.

Ijumaa nilikwenda kwa katibu wa chama cha wakazi kuondoa jina langu. Alikuwa anakula, akaosha mikono, akaleta ubao uliobanwa ile karatasi ya saini. Akanitazama kwa huruma. "Mama, hii fomu haina sehemu ya kujitoa." Akapekua nyuma na mbele, kwa uaminifu kabisa, akitafuta sehemu hiyo. Halafu akaniletea kifutio cheupe cha wino.

Nikamwambia sihitaji. Kwenye ramani kosa halifutwi. Unaweka rula juu yake, unalikata kwa mstari mmoja mwembamba ili bado lisomeke, halafu unaandika pembeni tarehe na herufi za jina lako, mtu ajue nani amebadilisha na lini. Rula nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikakata namba 43.

Katibu akauangalia ule mstari, akauliza kama anaweza kuiazima rula. Nikajua jambo limemgusa moyo na yeye. Kumbe alitaka kupiga mstari chini ya ukurasa ili ajumlishe upya. "Basi tumebaki 211," akasema, akanirudishia rula, akaniuliza kama Jumatano ijayo nitakuja.