Friza, dereva na ujumbe wa dola 230

Nilipohama Katuba kwenda Kampemba, hapa Lubumbashi, nyumba mpya haikuwa na nafasi ya friza niliyokuwa nikiuzia thomson, yaani samaki wa kugandishwa, hivyo nikapiga picha nne, nikaziweka kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouziana vitu vilivyotumika, na kutaja bei ya dola 180.

Kesho yake alinipigia mtu aliyesema yuko Likasi, mwendo wa kilomita zipatazo 120, kwa hiyo angelipa kwa simu na kumtuma dereva wa kamioneti kuichukua. Hakuuliza kama inagandisha vizuri, wala hakuomba kupunguziwa hata dola moja. Mnunuzi wa namna hiyo, katika mji wetu huu wa kubishana bei, alipaswa kunitia shaka mapema. Mimi niliona ni bahati.

Dereva alifika kabla ya pesa. Friza ilikuwa imekwisha kufika mlangoni simu yangu ilipolia: ujumbe ulisema nimepokea dola 230. Papo hapo mnunuzi akapiga, akidai amezidisha dola 50 za dawa ya mtoto, na kuniomba nimrudishie haraka. "Mama, patroni anasema pesa imekwisha ingia," dereva naye akasisitiza, pengine bila kujua kwamba anatumiwa.

Niliusoma ule ujumbe mara mbili. Maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote, ila ulitoka kwenye namba ya kawaida, na haukukaa pamoja na jumbe za zamani, ambazo huja kwa jina la huduma yenyewe. Tena ulitaja salio la dola 230 kamili, ilhali nilikuwa na dola 14 humo tangu juma lililotangulia. Ilipasa ziwe 244. Nikafungua menyu mwenyewe, nikaweka namba ya siri, nikaona zilezile 14. Nilimwomba dereva aitue friza. Mnunuzi nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Dereva nilimpa faranga 5000 za mafuta, maana asubuhi yake ilikuwa imeharibika kama yangu.

Mnunuzi wa pili alikuwa mama mmoja kutoka Ruashi. Huyu nilimtaka aje mwenyewe, aichomeke friza na kuihakikisha, kisha twende wote kwenye kabini ya jirani, kibanda cha wakala wa pesa za simu. Alibishana mpaka dola 170, tukapatana kwamba aongeze gharama za kutoa pesa. Alipotuma, niliangalia salio kwanza, nikazitoa palepale, kwa sababu mtumaji anaweza baadaye kuuambia mtandao kwamba alikosea namba. Noti nilizikagua moja moja juani, kwani dola iliyochanika ukingoni hata kidogo haipokelewi sokoni, na moja ya 20 nikaomba ibadilishwe. Ndipo tukarudi kuipakia friza, naye akauliza kama waya wa kurefushia umo ndani ya bei. Nikampa.