Mwendo Niliousikia Katika Viatu

Nilikuwa na umri wa miaka 19, nikipiga klarineti ya besi, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, katika okestra ya vijana, tulipopewa kazi ya kusindikiza baleti ya Nutcracker ya mtunzi Mrusi Pyotr Tchaikovsky. Katika kazi hiyo nzima, kipande nilichokingoja kwa hamu kuliko vyote kilikuwa kile cha dakika mbili hivi, ambacho huchezwa na Sugar Plum Fairy, bibi wa kichawi anayetawala Nchi ya Peremende. Watu wengi hukikumbuka kwa sababu ya selesta, ala inayofanana na piano ndogo lakini ambayo nyundo zake hugonga vibao vya chuma. Wachache hukumbuka kwamba selesta ikisema neno lake la kwanza hujibiwa na klarineti ya besi, inayoteremka mbio hadi kwenye sauti zake za chini kabisa. Jibu hilo lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi peke yangu kwa miezi miwili.

Juu ya mstari wa kwanza pameandikwa Andante ma non troppo. Andante ni neno la Kiitaliano linalotokana na kitenzi cha kwenda, nalo huonyesha mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Maneno yanayofuata yanaonya kwamba jambo hilo lisizidishwe. Mimi niliyashika maneno ya mwisho peke yake, nikayaona kuwa ni ruhusa ya kuongeza kasi, na kwa miezi yote miwili metronomu yangu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, ilikuwa imetegwa kwenye mapigo 80 kwa dakika. Tena kipande kiko katika ufunguo wa E maina, na tangu utotoni nilikuwa nimeaminishwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Basi nilikuwa nikiipuliza ile ngazi ya nota kwa sauti nzito, nikiilemea kila moja. Nilifika mazoezini nikiwa na kasi ya mtu aliyechelewa na sauti ya mtu aliyefiwa, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yakigombana.

Siku hiyo mcheza baleti alikuja kufanya mazoezi pamoja nasi kwa mara ya kwanza. Tulipiga mara moja, naye akaishia katikati, akashusha mikono. Hakulalamika. Alimwendea mwongozaji wetu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Mwalimu, akamwambia kwa heshima kwamba hapati nafasi ya kusimama juu ya ncha ya kiatu kabla hajatakiwa kushuka. Mwalimu akatuamuru tuweke ala zetu mapajani. “Mwanangu,” akamwambia, “kicheze chote bila sisi, nasi tusikilize.”

Ukumbi ukanyamaza, tukasikia viatu. Viatu vya baleti vina ncha iliyokazwa kwa gundi na kitambaa, na kwenye sakafu ya mbao hutoa mlio mdogo, mkavu, ambao okestra inapopiga haumfikii mtu. Mlio huo ulikuja mmoja mmoja, na baada yake palikuwa na utupu, kisha mwingine. Nilipoanza kuhesabu, nilikuta mapigo yasiyozidi 60 kwa dakika. Ndipo nilipoelewa kwa nini kipande kinaanza kwa vipimo vinne vya nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, vyenye mapigo mawili tu kila kimoja: nyuzi hizo hutengeneza ule utupu, na selesta inapoingia huwa imeandaliwa mahali pa kukanyaga. Marius Petipa, aliyepanga baleti hiyo, alimwomba Tchaikovsky muziki unaosikika kama matone ya maji yanayodondoka kutoka kwenye chemchemi. Tone halidondoki kabla halijajaa.

Selesta yenyewe ilikuwa ala mpya wakati ule, kwani Auguste Mustel aliibuni Paris mwaka 1886. Tchaikovsky alipoisikia huko mwaka 1891 alimwomba mchapishaji wake aiagize Urusi kwa siri, akihofia kwamba watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wangemtangulia kuitumia. Kwa maoni yangu, siri hiyo imebaki ndani ya kipande. E maina yake haiombolezi, inanyata.

Mwalimu alinigeukia. Alisema kwamba sauti yangu ni nzuri lakini imekosea nyumba, kisha akaniagiza nishuke kama mtu anayeteremka ngazi usiku huku watoto wamelala. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu niliacha kuisukuma pumzi, nikaiachia tu, na nota zile zile zilizokuwa zikisikika kama msiba zikawa na kitu kingine, kitu cha ajabu na cha upole, chenye hatari kidogo ndani yake. Hakuna nota iliyobadilika, wala ufunguo.

Usiku wa onyesho tulikipiga kama kinavyopigwa kwenye baleti, pamoja na ule mwisho wa kasi ulioandikwa Presto, ambao kwenye mkusanyiko wa vipande vya tamasha umeondolewa. Nakumbuka kidogo sana kuhusu mwisho huo. Ninachokumbuka ni jibu langu la kwanza: selesta ilinyamaza, nikateremka taratibu katika mwendo ule wa viatu, na nilipoinua macho juu ya karatasi nilimwona mchezaji amesimama kwenye ncha ya mguu mmoja, ametulia, akiingoja nota yangu ya mwisho ifike chini ndipo naye ashuke.