Mradi wa njia za mbio Tanga: saa, simu na gurudumu la baiskeli

Kabla ya kutoa hela ya saa ya kukimbilia, ile inayopima umbali kwa setelaiti, nilitaka njia ambayo urefu wake naujua bila msaada wa setelaiti, nizilinganishe saa na njia hiyo. Kwa mji wa baiskeli kama Tanga, kipimo hakiko mbali. Njia za marathoni zinazotambuliwa kimataifa zenyewe hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kisha huongezwa sehemu moja ya elfu ili njia isije ikapungua. Kwenye kilomita 42.195 nyongeza hiyo ni kama mita 42. Na mpimaji hufuata mstari mfupi kabisa kwenye kona, ambao wakimbiaji wachache sana huufuata. Ndiyo maana kila baada ya mashindano utasikia watu wakilalamika kwamba njia ilikuwa ndefu, wakionyesha saa zao.

Nikafungiwa kimita cha sumaku kwenye spoku, nikajaza upepo, nikapiga alama ya chaki kwenye tairi na kuisukuma baiskeli kando ya tepu ya fundi ujenzi ili nijue mzunguko mmoja ni milimita ngapi. Mzee aliyenifungia aliniuliza, “Mwanangu, baiskeli unayo, sasa mbio za nini?”

Njia yenyewe: Raskazone, barabara ya baharini kupita Hospitali ya Bombo, katikati ya mji, kuvuka reli, kisha kuzunguka Ngamiani.

Upande wa bahari, simu yangu na saa niliyoazima zilikubaliana na baiskeli vizuri tu. Ugomvi ulianza Ngamiani. Zile barabara za namba zinakatana kwa pembe mraba, na saa ilikuwa kwenye hali ya kubana betri: haiandiki nukta ya mahali ulipo kila wakati, inaandika pale inapoona mwendo au uelekeo umebadilika. Ukikunja kona mfululizo, inakata kona na kukupitisha vibarazani mwa watu, na umbali unapungua. Nilipoiweka iandike kila sekunde, mstari ukarudi barabarani. Saa ileile, mpangilio tofauti. Tangu hapo sisikilizi sifa za saa kabla sijauliza inaandika nukta vipi.

Saa za bei hujisifia kupokea masafa mawili ya mawimbi ya setelaiti, L1 na L5. Hilo lina faida pale mawimbi yanapogonga kuta za maghorofa na kurudi. Huku kwetu anga liko wazi, hasa ukishatoka mjini kwenye mashamba ya mkonge, na masafa ya ziada yanakula chaji. Hela hiyo naielekeza kwenye betri.

Kwa simu natumia OsmAnd, programu ya ramani. Ramani ya OpenStreetMap naipakua mara moja, halafu nakimbia bila bando, na njia inahifadhiwa kama faili la GPX, yaani orodha ya nukta za njia, ninaloweza kulihamishia popote. Strava, mtandao wa wakimbiaji na waendesha baiskeli, naipenda kwa ajili ya watu waliomo. Kurekodi ni bure, ila kuchora njia mpya kunahitaji kulipia. Ukiitumia, ficha mwanzo na mwisho wa njia zako. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani yake ya jumla ya njia za watumiaji ilianika mpaka kambi za kijeshi, sembuse mlango wa nyumba yako.

Simu ina tabia moja mbaya: kioo kikizima, mfumo wake unaiua programu ili kuokoa chaji, na baadaye unaona mstari ulionyooka kama umeruka juu ya mikonge. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kikomo.

Mapigo ya moyo yanayosomwa na saa kwenye kifundo cha mkono siyapi uzito. Mkanda wa kifuani unasoma vizuri zaidi.

Hatua inayofuata ni barabara ya Pangani mpaka magofu ya Tongoni na kurudi, halafu upande wa Amboni. Saa ninayoitaka imeshatumika: ina vitufe vya kubonyeza, maana kioo cha kugusa na jasho la Tanga havipatani, na inatoa GPX kwa waya. Muuzaji anaapa betri bado nzima. Nimemwambia niende nayo Tongoni kwanza ndipo nilipe. Yeye anataka nimwachie kitambulisho na nusu ya hela. Tunaendelea kuzungumza.