Faida ya mashine ya alizeti huanzia mzanini

Mwezi wa saba, mashine za kukamua alizeti Dodoma na Singida hunguruma mpaka usiku. Ikifika Januari, nyingi zimefungwa kufuli. Wenyewe watakuambia ni umeme, ni mafuta ya kutoka nje, ni wateja hawana hela. Yote yana ukweli wake, ila ukifungua daftari la manunuzi utakuta kwa kawaida shimo lilichimbwa mapema zaidi, siku mzigo uliponunuliwa.

Hesabu yake ni hii. Umenunua tani 10 kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, yaani milioni 10. Ndani yake kuna asilimia 4 ya mawe, vijiti na mapepe (mbegu tupu zisizo na kiini): hizo ni kilo 400. Zilizobaki 9,600 zina unyevu wa asilimia 14, na wewe unazitaka kwenye 8 ili zikae ghalani na zikamulike vizuri. Zikikauka zinabaki kilo 8,974 hivi. Umepoteza zaidi ya tani nzima bila mwizi kuingia, na kilo yako sasa imesimama kwenye shilingi 1,114. Jirani yako aliyenunua kwa 1,080 mzigo mkavu, uliopepetwa, amenunua rahisi kuliko wewe, ingawa kijijini mlimcheka kwamba kalanguliwa.

Kwa hiyo kipima unyevu si anasa. Ile mbinu ya chumvi kavu kwenye chupa kavu (unatia alizeti, unatikisa, unaangalia kama chumvi imeganda kwenye kioo) inasaidia kukataa mzigo uliolowa kabisa, wa asilimia 15 kwenda juu. Haikuambii kama ni 9 au 13, na pesa yako iko hapohapo katikati. Dalali anayekukusanyia mzigo mpe bei mbili tangu mwanzo: bei ya mkavu safi na bei ya mbichi. Ukimpa bei moja, atakuletea wa bei moja, na hautakuwa ule mkavu. Nunua kwa mzani, si kwa debe wala gunia la kukadiria. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria, na hata ukidhani inakufaa, gunia lililoshindiliwa huchanika njiani na halipangiki ghalani.

Alizeti pia ni nyepesi kwa ujazo. Gunia linalobeba kilo 100 za mahindi, kwa alizeti linabeba kama 60 au 65. Fuso la tani 10 litajaa hadi juu kabla halijafikisha uzito wake, na nauli utalipa ya gari zima. Ndiyo sababu mzigo wa kijiji cha mbali unapaswa kupepetwa hukohuko: usisafirishe mapepe. Vijiji vya mbugani upande wa Bahi vinahitaji ratiba yao, maana mvua za Desemba zikianza, udongo ule haupitiki na mzigo uliolipia utakaa huko mpaka uote ukungu. Toa mzigo wa huko kwanza, wa kandokando ya lami uwe wa mwisho. Na dereva asiondoke bila risiti ya ushuru wa mazao; gari lililolala kizuizini ni mashine iliyolala.

Ununue kiasi gani? Mashine ya kilo 250 kwa saa, ikifanya kazi saa 8, inakula tani 2 kwa siku, tani 50 kwa mwezi wa siku 25. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni milioni 50 kwa mwezi mmoja tu. Wachache wana mtaji wa kujaza ghala la miezi sita, na wanaokopa kufanya hivyo wapige hesabu kwanza. Mkopo wa asilimia 1.5 kwa mwezi huongeza shilingi 75 kwenye kila kilo ndani ya miezi mitano. Ongeza kodi ya ghala, turubai, mlinzi na uzito unaopungua: bei isipopanda kwa zaidi ya 100, umemfanyia kazi mkopeshaji. Njia ya kati ni kuweka akiba yako ya mwezi mmoja na nusu hivi, halafu nafasi inayobaki ukamulie wakulima kwa malipo. Hapo ghala na mtaji ni vyao, mashine yako inazunguka.

Kingine kinachosahaulika ni kalenda ya serikali. Bajeti husomwa katikati ya Juni na kuanza Julai 1, wakati uleule mavuno yamepamba moto. Ushuru wa forodha wa mafuta ya kula ukiguswa, bei ya alizeti huguswa pia. Mambo ya mbali nayo yanafika: Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili 2022, kisha ikafungua ndani ya mwezi mmoja, aliyenunua kwa hofu alibaki na bei ya hofu. Nunua kwa mafungu, wala usimalize hela zote kabla bajeti haijasomwa.

Ghalani, magunia yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani. Mbegu iliyowekwa na unyevu hupata joto, na mafuta yake huwa na asidi na harufu. Hakuna kichujio kitakachokiondoa hicho.

Kwenye mashine yenyewe, angalia skrubu, ile inayozunguka na kubana mbegu. Ikilika, mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) hutoka manene, ukiyafinya kwenye karatasi yanaacha doa la mafuta. Kushuka kutoka kilo 25 za mafuta kwa kila kilo 100 hadi 22 kunaonekana kitu kidogo. Kwa tani 10 ni kilo 300, sawa na lita 326, madumu 16 ya lita 20 uliyouza kwa bei ya mashudu. Skrubu ya akiba iwepo dukani kwako kabla ya Juni. Ukiisubiri kutoka Dar msimu ukiwa umechanganya, mkulima atabeba magunia yake aende kwa mwingine, na mwakani ataanzia huko.

Halafu mali kauli, yaani kutoa mafuta sasa ulipwe baadaye. Alizeti ikikaa siku 60, mafuta siku 5, na muuza duka akakulipa baada ya 30, shilingi yako imezunguka siku 95, karibu mara 3.8 kwa mwaka. Mtaji wa milioni 20 wenye faida ya asilimia 6 kwa mzunguko unakupa milioni 4.6. Punguza siku ziwe 60, inakuwa milioni 7.3, mashine ileile, bei ileile. Mpe muuza duka madumu machache kila wiki, alipe ya wiki iliyopita ndipo achukue mengine. Atakayegoma, mara nyingi ndiye ambaye angekulaza hela.

Mashudu yasifungwe yakiwa ya moto. Yatandaze sakafuni yapoe hadi asubuhi. Yakifungwa na joto hutoa jasho ndani ya gunia, yakavunda, na mfugaji wa kuku akiona ukungu hanunui hata kwa nusu bei.