Kaskazi Ina Mizani Ngapi?

Jana usiku umeme ulikatika kama dakika ishirini hivi, binti yangu akalalama utadhani katiwa kisimani. "Baba, na zamani ulikuwa ukikatika hivi?" Nikacheka peke yangu. Mama yake akanitazama kwa mwanga wa simu. "Usimwambie ya mbu," akasema.

Basi nakwambieni nyinyi.

Ilikuwa kile kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima. Pampu hazivuti, watu na madumu kichwani, barafu inatafutwa kama dawa. Hayo mnayajua. Na mimi wakati ule mnanijua pia: nilikuwa nimeshikwa na haiku, vile vishairi vifupi vya Kijapani. Kila nikionacho nakikata mistari mitatu, ya mizani, yaani silabi, tano, saba, tano. Baraza yetu ya Kikwajuni ilikuwa ishanichoka. Niliwapa chura wa Bashō, malenga wa Kijapani, yule anayeruka kwenye bwawa kuukuu maji yakalia, wakaniuliza, "Halafu?" Nikawapa nzi wa Issa, malenga mwengine wa huko: usimpige, tazama anavyosugua mikono, anavyosugua miguu. Hapo muuza kahawa akasema, "Huyo anatubu," na ndiyo sifa pekee niliyoipata mwezi ule.

Usiku ninaoukumbuka hakukuwa na upepo hata wa kutikisa shuka kambani. Kandili moja, katikati ya baraza, imepunguzwa utambi ili mafuta yafike asubuhi. Ng'ambo ya njia jenereta linanguruma. Mwenyewe tumekaa naye hapo hapo, kaja kunywa kahawa, na ndani kwake ndimo tulimokuwa tukichaji simu zetu zote. Haya nilitakiwa niyafikirie kabla. Sikuyafikiria. Nikakohoa, nikasema:

Kaskazi kimya
jirani ana feni
mimi na mbu

Kimya. Vikombe vya muuza kahawa navyo vikanyamaza. Mara nikaona kivuli cha mkono wa Mzee ukutani, kidole kimoja kimoja kinakunjwa. Mzee wetu alikuwa mtu wa tarbia, mashairi ya mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na hajapatapo kumsamehe mtu kina. Alihesabu, akarudia, akaukunjua mkono wote, akaanza tena. Nilikuwa nasikia midomo yake: kas-ka-zi. Ka-s-ka-zi.

"Mwanangu," akasema, "kaskazi ina mizani nne."

"Tatu, Babu. Kas, ka, zi."

"Na mbu?"

"Mbili. M, bu."

"Ala! Mdudu hajai hata kwenye ukucha umempa mbili kamili, upepo unaoleta majahazi kutoka Arabuni unaupunja?"

Baraza ikapasuka. Mtu mmoja alimwaga kahawa. Nikajitetea kwamba si shairi la kwetu, ni haiku, ina uhuru wake. Mzee akasema uhuru gani, hili ni jina la kanga lililokatika pande tatu. Kisha akainama kidogo, mkono ukarudi ukutani, na safari hii hakurudia kuhesabu:

Feni ya watu
haikupozi wivu
lala, mwanetu

Tano, saba, tano. Na bado kavitia vina, hakuweza kujizuia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikaona kwamba mwenye jenereta hacheki. Kaangalia kikombe chake. Akakigeuza, akakiweka chini, akaaga.

Kesho yake simu yangu ilirudishwa bila ya kuchajiwa. "Imejaa foleni," alisema kijana wake. Keshokutwa vile vile. Siku ya tatu nilikwenda kuchaji Darajani kwa pesa.

Miaka baadaye nikaja kusoma kwamba Wajapani wana jina la mistari ya kuchekana namna ile, senryu, inatokana na Karai Senryū, aliyekuwa akichagua mashindano ya beti hizo karne ya 18. Haiku yenyewe hutaka neno la majira. Nikafurahi, nikasema basi mimi nilikuwa nayo, kaskazi. Kumbe mbu kwao ni neno la kiangazi. Na feni pia. Nilishindilia maneno matatu ya majira kwenye mistari mitatu na hakuna aliyenikosoa ila kwa kaskazi. Sijui mbu anakuwaje na msimu, lakini hizo ni nchi za watu.

Mzee ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Hatukuwahi kukubaliana kama ni tatu au nne, na siku hizi nikihesabu polepole naisikia ile s ikisimama peke yake.

Mwenye jenereta yuko. Sikukuu iliyopita tulikutana nje ya msikiti, tukapeana mikono, akaushika wangu muda mrefu kidogo.

"Mbu hajambo?" akauliza.

Nikamtazama usoni. Alikuwa kavaa miwani ya jua.

"Hajambo, ami," nikasema. "Anakusalimu."

Akatikisa kichwa, akenda zake.